Imani ya Mtu Anayejulikana Mtaani

Hospitali ya Gahini iko kilimani, juu ya Ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda. Mwishoni mwa miaka ya 1920 palikuwa mahali pa tabu. Njaa kubwa ya 1928 na 1929 ilileta watu waliobaki mifupa mitupu, na daktari kijana wa Kiingereza aliyekuwa pale, Joe Church, alichoka mwili na roho. Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika. Huko Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali katika idara ya afya, ambaye watu walimjua kwa jambo moja: hakuchoka kuwauliza wenzake habari za roho zao. Wakakaa siku mbili wakisoma Maandiko na kuomba. Katika Uganda ya wakati ule, Mzungu na Mwafrika kuketi namna hiyo, kila mmoja akimweleza mwenzake udhaifu wake, lilikuwa jambo geni, na si kila mmisionari aliyelifurahia.

Katika habari za uamsho uliotokana na siku zile, mtu ninayemrudia mara kwa mara ni Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu wa hospitali ya Gahini. Kinuka na daktari wake walikuwa hawaivi. Wafanyakazi walinung'unika, huduma ilizorota. Mwaka 1931 Kinuka akaenda Uganda, na Nsibambi akamwuliza mambo yanakwendaje Gahini. Akamwaga malalamiko yake yote juu ya hospitali na wakubwa wake. Nsibambi hakumpa pole. Alimwambia kwamba shida anayoitafuta kwa wengine imo moyoni mwake mwenyewe. Kinuka alikasirika, lakini neno lile lilisafiri naye njia nzima ya kurudi. Alipofika Gahini alikuwa mtu mwingine, na hakuanza kwa kuhubiri. Alianza kwa kuwaomba radhi aliofanya nao kazi.

Wenzake walimtazama kwanza. Walikuwa wakimwona kila siku akifunga vidonda na kugawa dawa, wakazijua hasira zake na mazoea yake. Mabadiliko ya mtu kama huyo huwa hayafichiki kwa watu wa zamu moja. Pamoja naye alikuwepo Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, aliyefundisha shule ya wainjilisti palepale. Kigozi alifariki Januari 1936 kwa homa ya papasi, akiwa kijana bado, naye alikuwa ameshawaachia wenzake wito wa kuamka. Mwaka huo moto ukashika kweli. Watu walirudisha vitu walivyoiba, wakaungama uongo waliowaambia wakubwa wao na wake zao, wakalipa madeni ambayo mwenye kudai alishayasahau. Kisha wakatoka wawili wawili na vikundi vikundi kwenda kuwasimulia wengine, wengi wao katika siku za likizo na kwa nauli zao wenyewe.

Hivyo ndivyo Uamsho wa Afrika Mashariki ulivyosambaa Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya, Kongo na huku kwetu Tanzania, kupitia Bugufi na Katoke hadi Bukoba. Walokole, kama walivyoitwa, hawakuanzisha kanisa lao. Walibaki Waanglikana, Walutheri, Wapresbiteri, wakakutana mara kwa mara katika ushirika wao na kuuimba wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza, hata wale wasiojua Kiganda. Viongozi wao walikuwa walimu, wauguzi, makarani, wakulima, na wake za watu ambao kabla ya hapo hawakuwa na nafasi ya kusema neno mbele ya kusanyiko. Kutoka katika mkondo huo alitokea Josiah Kibira wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, kuanzia 1977 hadi 1984. Alitokea pia Janani Luwum, mwalimu wa kijijini katika nchi ya Waacholi aliyeokoka Januari 1948, akawa askofu mkuu, na akauawa chini ya utawala wa Idi Amin Februari 1977.

Ninaamini, na nitalisema bila kuzunguka, kwamba Mkristo wa leo anayetaka kumshirikisha mwenzake imani yake ana mengi zaidi ya kujifunza kwa Kinuka kuliko kwa mhubiri yeyote wa jukwaani. Ushuhuda wake ulisikilizwa na watu waliokuwa na uwezo wa kuupima. Walimjua jana yake, wakaiona leo yake, na kama angekuwa anaigiza wangemkamata kabla ya mwisho wa wiki.

Festo Kivengere, mwalimu wa Kigezi aliyekuja kuwa askofu, alisimulia mwenyewe yaliyompata alipookoka mwanzoni mwa miaka ya 1940. Alikuwa na chuki na mmisionari mmoja Mwingereza. Moyo ukamsuta kwamba hawezi kumwimbia Mungu huku anamchukia yule mtu, akapanda baiskeli akaenda maili hamsini, zaidi ya kilometa 80 katika vilima vya kusini-magharibi mwa Uganda, kumwomba msamaha. Yule Mwingereza hakuwa amemwomba aje. Kivengere alihubiri katika nchi nyingi baadaye, akafundisha shule Dodoma kwa miaka mingi, akaandika kitabu chenye jina lililowashtua wengi, la kusema kwamba anampenda Idi Amin, mwaka uleule Luwum alipouawa. Nani angemsikiliza akisema maneno hayo, kama zamani zile hangekwenda kwa baiskeli?

Sasa panda basi la mikoani alfajiri pale stendi ya Magufuli, Mbezi, Dar es Salaam. Basi likishakaa sawa barabarani, kabla abiria hawajasinzia, mtu husimama katikati ya viti. Ataiombea safari, dereva, matairi na breki. Atasoma fungu la Maandiko, atahubiri dakika ishirini kwa sauti ya kushindana na injini, atauliza nani anataka kumpokea Yesu leo. Mwishoni atapita na kikapu, au atatoa kwenye mkoba chupa za dawa ya tumbo na meno. Atashukia Chalinze. Nairobi utamkuta mwenzake saa ya chakula cha mchana katika bustani ya Jeevanjee, amesimama mbele ya makarani na wauza duka waliojilaza kwenye nyasi.

Sitasema watu hawa ni waongo. Wapo waliotoka kwenye pombe na kukata tamaa kwa sababu ya neno walilosikia kwenye kiti cha basi, na ni dhambi kulidharau hilo. Ninachosema ni kwamba abiria amenyimwa kitu ambacho wafanyakazi wa Gahini walikuwa nacho. Hajui kwao mhubiri huyu ni wapi, hajui mkewe anasema nini juu yake, hajui kama mwenye duka mtaani kwake anamdai. Anasikia maneno tu, na maneno mazuri siku hizi yanapatikana kila mahali, hadi kwenye simu.

Suala la sauti nalo si la leo. Mwaka 1941 katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kikundi cha wanafunzi walokole kiliamka usiku wa manane, kikaomba na kuhubiri kwa wenzao kabla ya mapambazuko. Mkuu wa chuo akawakataza. Hawakutii, na wanafunzi 26 wakafukuzwa, William Nagenda akiwa mmoja wao, ambaye baadaye alikuwa mhubiri mkubwa wa uamsho. Walokole wengi hadi leo huwahesabu kama mashujaa waliomtii Mungu kuliko mwanadamu. Mimi nawaheshimu kwa ujasiri wao. Lakini namfikiria pia yule mwanafunzi wa ishirini na saba aliyekuwa amelala kitandani mwake, aliyeamshwa kila siku gizani kuambiwa kwamba hajaokoka. Leo yupo mtaani Tandale na Mbagala. Ni mgonjwa, ni mlinzi aliyetoka zamu ya usiku, ni mtoto wa kidato cha nne mwenye mtihani, na nyuma ya ukuta wake kuna kanisa la mabati lenye spika nne zinazokesha. Baraza la mazingira, NEMC, limekuwa likipokea malalamiko ya kelele kutoka kwenye baa na kutoka kwenye nyumba za ibada, na inaniuma kuona mambo hayo mawili yakiandikwa katika orodha moja. Mtu asiyeniachia nilale, atanishawishi vipi kwamba Mungu wake ananipenda?

Mahali ambapo Wakristo wengi wanatumia saa zao ni kazini, na hapo ndipo ninapomkumbuka Isidore Bakanja. Alikuwa kijana wa Kikongo, fundi mwashi, aliyebatizwa mwaka 1906 huko Mbandaka, wakati Kongo ikiwa bado chini ya Mfalme Leopold. Hakuwa padri wala katekista wa kuajiriwa. Alivaa shingoni skapulari, kitambaa kidogo cha ibada ya Bikira Maria, na baada ya kazi aliwafundisha wenzake sala. Alipokwenda kufanya kazi katika mashamba ya kampuni ya Wabelgiji, msimamizi mmoja aliyechukia mambo ya dini alimwamuru aivue skapulari na aache kuwafundisha wafanyakazi. Bakanja hakuacha. Mwaka 1909 alichapwa kwa kiboko cha ngozi chenye misumari hadi mgongo ukawa kidonda kimoja, na baada ya miezi ya maumivu akafariki tarehe 15 Agosti. Kabla ya kufa alisema amemsamehe aliyempiga na kwamba atamwombea akifika mbinguni. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mwaka 1994.

Angalia nani alikuwa na nguvu katika habari hii. Bakanja hakuwa na chochote cha kumpa wala kumnyima mtu aliyemfundisha sala. Aliyekuja kwake jioni alikuja kwa hiari, na alijua kwamba kuja huko kunaweza kumponza. Siku hizi katika ofisi zetu mambo huenda kinyume. Bosi ameokoka, basi kila Jumatatu asubuhi kuna ibada, na karani Mwislamu, au Mkristo wa dhehebu jingine, anaingia kwa sababu mkataba wake unakwisha Desemba. Anainamisha kichwa. Anasema amina. Bosi anaona Mungu amefanya kazi. Mimi naona mtu aliyefundishwa kuigiza mbele ya Mungu, na sijui kama kuna jeraha baya zaidi ya hilo ambalo muumini anaweza kumtia mwenzake.

Muuguzi naye ana mamlaka ambayo pengine hayafikirii. Mgonjwa aliyelazwa hawezi kuinuka akaondoka. Nimewaona wauguzi wanaolijua hilo vizuri sana. Watamwosha mgonjwa, watambadilishia shuka, watamwita mama au watamwamkia shikamoo mzee, na ikifika usiku wakaona hofu machoni mwake, watauliza kwa sauti ya chini kama angependa kuombewa. Akisema hapana, huduma ya kesho asubuhi ni ileile, na tabasamu ni lilelile. Hapo nadhani mgonjwa ameshahubiriwa, na hakuna aliyemnyang'anya haki yake ya kukataa.

Huku Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee, maana tunaishi mlango kwa mlango na watu wa imani nyingine, na mara nyingi ndani ya mlango mmoja. Tanga, Kondoa, Kilosa, Ujiji, utakuta baba anaitwa Ramadhani, mwanawe Petro, na shangazi anayewalea wote haulizwi anaswali wapi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kuamini na wa kubadili dini yake, na inasema kutangaza dini ni kazi huru na jambo la hiari ya mtu binafsi. Sheria basi imeshatufungulia njia. Kinachobaki ni adabu ya kupita katika njia hiyo.

Wenye umri wangu wanaikumbuka mihadhara ya miaka ya 1980 na 1990. Mhubiri wa Kiislamu alisimama uwanjani na Biblia mkononi, wa Kikristo akasimama uwanja wa pili na Kurani, kila mmoja akisoma kitabu cha mwenzake ili kukiaibisha. Watu walijaa. Walipiga makofi kama kwenye mpira. Kila upande uliondoka umeshinda, na watoto waliokuwa wakicheza pamoja wakaanza kuitana makafiri. Sikatai mjadala wa dini, maana tofauti zipo na ni kubwa, na mtu mzima ana haki ya kuzijadili na mtu mzima mwenzake. Ila mtu aliyetahayarishwa hadharani hutafuta jibu la kurudisha. Hatafuti wokovu.

Na yapo mambo madogo ambayo yakikosewa huzaa makubwa. Desturi yetu ya siku nyingi ni kwamba Mkristo akiwa na harusi au msiba humwita Mwislamu achinje, ili majirani wote wale sahani moja. Hakuna imani aliyoikana kwa kufanya hivyo. Amemfanya jirani awe mwenyeji na si mtazamaji. Mwaka 2013 suala la nani achinje lilizua ugomvi mkali Kanda ya Ziwa, na mchungaji mmoja akauawa Buseresere, mkoani Geita. Tangu hapo nimekuwa mwepesi wa kuwashukuru wale wazee, Wakristo kwa Waislamu, walioilinda sahani moja kwa miongo yote bila kuandika hati yoyote.

Kwa Mkristo anayeuliza afanye nini, nasema hivi: nenda kwenye futari ukialikwa. Jirani akikueleza maana ya Ramadhani kwake, msikilize mpaka mwisho, usikae unamngojea anyamaze ili uanze yako. Naye siku ya Krismasi akija kula pilau, atauliza. Watu huuliza. Atauliza kwa nini mnasema Mungu alizaliwa zizini, na swali lake linaweza kuwa la utani nusu na la kweli nusu. Mtume Petro katika waraka wake wa kwanza anawataka Wakristo wawe tayari siku zote kumjibu anayewauliza juu ya tumaini lao, na anaongeza kwamba wafanye hivyo kwa upole na heshima. Sehemu ya kwanza ya agizo hilo tunaihubiri sana. Ya pili tunaipita mbio.

Lazima sasa nirudi Rwanda, maana mtu anayeusifu uamsho wa 1936 bila kuyataja mauaji ya kimbari ya 1994 hasemi ukweli wote. Nchi ile ilikuwa imebatizwa karibu yote. Watu walikimbilia makanisani Nyamata, Ntarama na Nyarubuye wakiamini hakuna atakayemwaga damu mahali pale, wakauawa humohumo kwa maelfu. Miongoni mwa wauaji walikuwemo waliokuwa wakiimba kwaya na waliouawa. Walikuwemo wachungaji na mapadri waliofikishwa mahakamani na kutiwa hatiani. Kenya nayo, ambako timu za uamsho zilifika tangu 1937, na ambako wakati wa Mau Mau walokole wengi wa Kikuyu waliuawa kwa kukataa kula kiapo, iliona kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret likichomwa tarehe 1 Januari 2008 na watu wakiwa ndani.

Nimelitafakari hili kwa muda mrefu, na jibu ninaloliona ni hili. Orodha ya dhambi za kuungama ilifupika. Miaka ya mwanzo walokole waliungama pia dharau ya kabila na ya rangi. Mhutu na Mtutsi walikula pamoja, Mzungu alimwomba radhi mpishi wake. Kadiri miaka ilivyokwenda zikabaki dhambi zilizo rahisi kutaja mbele ya watu: pombe, sigara, wizi mdogo, zinaa. Chuki iliyokuwa ikipandwa na wanasiasa kwenye redio haikuitwa dhambi, iliitwa siasa, na ushuhuda ukanyamaza palepale ulipohitajika.

Wapo ambao hawakunyamaza. Félicité Niyitegeka wa Gisenyi, Mhutu, mlei aliyejitoa kwa utumishi wa Kanisa, alikuwa amewaficha Watutsi katika nyumba aliyoisimamia. Kaka yake alikuwa ofisa wa jeshi na alitaka kumwokoa. Alikataa kuwaacha waliomkimbilia, akauawa pamoja nao Aprili 1994. Miaka mitatu baadaye, tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliivamia seminari ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Vijana wakakataa kutengana. Waliuawa 40. Nchi nzima ya Burundi ilikuwa katika vita vya kikabila wakati ule, na vijana wa sekondari, wengine hawajaota ndevu, walikuwa wamekwisha kuamua nani ni ndugu yao kabla hawajaulizwa kwa bunduki. Walezi wao walikuwa wamewafundisha kuishi, kula na kucheza pamoja, na kuyazungumza waziwazi mauaji yaliyokuwa yakiendelea nje ya ukuta.

Naandika haya nikijua kuna upande mwingine wa kosa, na pengine wasomaji wengi wa gazeti hili wamo humo. Ni Wakristo waliosoma, wenye heshima zao, wanaoona haya. Husema dini ni jambo la ndani, matendo yanatosha, watu watajionea wenyewe. Nawaelewa, kwa sababu wamechoshwa na spika na vikapu vya kwenye basi. Ila matendo peke yake hayajielezi. Jirani akikuona hupokei rushwa, anaweza kudhani una mshahara mnono. Akikuona unamlea mtoto asiye wako, anaweza kudhani huna uzazi. Nsibambi angenyamaza kwa adabu siku ile Kinuka alipokuwa akilalamika, Kinuka angerudi Gahini vilevile alivyotoka. Upo wakati wa kumwambia mtu kwa kinywa chako: mimi ninamwamini Yesu Kristo, na ndiyo sababu.

Ugumu ni kwamba tumezoea kulisema jambo hilo kwa lugha ya kanisani. Tunasema tumeoshwa, tumefunikwa, tumevunja madhabahu, na mtu wa nje anabaki anatutumbulia macho. Anayemweleza rafiki yake habari ya mtu aliyemsaidia hatumii lugha hiyo. Husema nilikuwa hivi, likatokea hivi, sasa niko hivi, na hapa bado sijafika. Kipande hicho cha mwisho ndicho kinachoaminika, nasi hukiacha kwa kuogopa kumwaibisha Mungu, kana kwamba heshima ya Mungu inategemea sisi tuonekane tumekamilika.

Msibani ndiko ninakoona jambo hili likifanyika vizuri kuliko popote. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia shirikisho lao la AMECEA, waliamua katika miaka ya 1970, hasa mkutano wao wa Nairobi wa 1976, kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, nyumba chache za mtaa mmoja zinazosali pamoja kila wiki. Zipo zilizogeuka kuwa vituo vya kukusanya michango, na hilo linajulikana. Lakini mtu akifiwa, jumuiya ndiyo inayofika ya kwanza. Kina mama huleta masufuria na mchele, kina baba huweka turubai, wanalala chini siku tatu au nne na mfiwa. Usiku wa pili, wageni wakipungua, mfiwa asiye mtu wa kanisani atamwuliza mmoja wao aliyewahi kufiwa na mtoto: wewe uliwezaje? Unaamini kweli utamwona? Huyo ataeleza, kwa sentensi chache, na pengine atakiri kwamba kuna usiku ambao haamini sawasawa. Hana sababu ya kumdanganya. Amelala naye mkekani.

Mtihani mkubwa zaidi uko nyumbani. Watoto wetu wanatusikia tukiomba kwa sauti sebuleni na wanatusikia tukizungumza na dada wa kazi jikoni. Wanajua mshahara wake ni kiasi gani na ulicheleweshwa mara ngapi. Vijana wengi wanaoacha kanisa wakifika chuo hawakushindwa na hoja za wasioamini, walichoka kutafuta uhusiano kati ya sebule na jikoni. Kwa hao hakuna mkutano wa injili utakaosaidia kama baba hawezi kusema mbele yao, nimemkosea dada, nimemwomba radhi, na mshahara wake nimeulipa wote.

Ndiyo maana nina ombi kwa wachungaji na viongozi wa makanisa, na nalitoa kwa moyo wote. Kipindi cha ushuhuda cha Jumapili kimejaa magari yaliyopatikana, viza zilizotoka, viwanja na vyeo. Mungu ashukuriwe kwa hayo yote, lakini asiye na gari anarudi nyumbani akidhani Mungu amemruka. Tengeni walau Jumapili moja kwa mwezi kwa ushuhuda wa namna nyingine. Asimame mfanyabiashara aseme ameacha kupunguza vipimo, na mteja wake awepo. Asimame aliyegombana na ndugu yake kwa shamba la urithi, wasimame wote wawili, hata kama ndugu huyo ni wa msikiti na hajawahi kuingia humo ndani. Asimame kijana aliyeeneza uzushi wa kikabila kwenye kundi la WhatsApp wakati wa uchaguzi, aseme alimwandikia nani kumwomba radhi na alijibiwa nini, hata kama alitukanwa. Aliyekosewa akiwa hayupo kanisani, mwenye ushuhuda akae kwanza, amwendee katikati ya wiki, ushuhuda wake utasubiri.